Kidole cha Nyambura

Nimefanya mengi kanisani kwa miaka yangu yote. Nimesinzia, nimechekea ndani ya leso, nimekosana na mwimbaji wa kwaya katikati ya wimbo. Lakini kushtuka kweli, hilo lilinipata mara moja tu, asubuhi ile tuliyomuaga Mwalimu Rasoa kabla mwili wake haujasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Maragoli, safari ya mchana kutwa kwa basi. Alikuwa kikongwe wa miaka tisini na kitu, amekufa usingizini, na hakuna aliyekuwa analia sana. Kiongozi wa ibada akauliza kama kuna mwanafunzi wake wa zamani mwenye neno. Akainuka mwanamke mmoja mrefu, kilemba cha zambarau kichwani, akapokea kipaza sauti kwa mkono wa kushoto, nami nikakiona kidole kabla sijauona uso. Kidole cha kuonyeshea, kile kinachofuata gumba, kiliishia katikati. "Naitwa Nyambura," alisema. "Huyu mwalimu amelala hapa ndiye alifanya nikatwe hii kidole nikiwa na miaka saba. Alinifunga vibaya. Lakini alikuja kwetu kila wiki mpaka nikapona, akanifundisha kushika penseli upya. Mama yangu alimsamehe mapema. Mimi nilichelewa, lakini nilimsamehe, na nikamwambia akiwa hai. Ndio maana nimekuja kumzika." Watu wakasema amina. Mimi mdomo haukufunguka, kwa sababu Mwalimu Rasoa hakumfunga mtoto yule. Nilimfunga mimi.

Mwaka nilipomfunga ulikuwa mwaka wangu wa ishirini, na nchi nayo ilikuwa haijatimiza miaka kumi tangu uhuru. Nilikuwa nangoja nafasi katika chuo cha ualimu, na katika kungoja huko nikachukuliwa kuwa msaidizi wa Mwalimu Rasoa katika ukumbi wa kanisa kule Dagoretti, pembeni mwa Nairobi. Siku za kazi tulikuwa na watoto wadogo wa chekechea, na Jumamosi tulikuwa na darasa la kazi za mikono. Tulilala chumba kimoja nyuma ya ukumbi, vitanda viwili vya chuma na pazia la khanga katikati, na jiko la makaa tulilolitoa nje mvua isiponyesha. Asubuhi ilikuwa chai ya maziwa na viazi vitamu, jioni ugali na mboga ambazo Rasoa alizichuma nyuma ya choo na kuzichemsha kwa magadi mpaka zikalainika. Upepo ukivuma kutoka kichinjioni tulikula tumefunga dirisha. Rasoa alikuwa mnene, mpole, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti, na alikuwa na tabia ya kuongea na gundi. Tuliipika wenyewe kwa unga wa ngano na maji, na akiikoroga aliiambia, "Shikana, mama, shikana, usiniaibishe mbele ya watoto." Nilimwona mshamba. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyomwona, na sina haki ya kujipamba sasa.

Darasa la Jumamosi lilikuwa na watoto kama thelathini, na kila Jumamosi walijiumiza. Walijichoma kwa sindano za kushonea wanasesere wa gunzi la mahindi. Walichomwa na nyuzi za katani zikaingia chini ya kucha. Walitia vidole kwenye gundi ya moto kuona kama imepoa, na kila mmoja alihitaji kujionea mwenyewe. Mtoto mmoja aliingiza ushanga puani, nami nikaufuata kwa pini ya nywele, nikausukuma ndani zaidi, mpaka Rasoa akaja, akanitoa pale kwa kiwiko, akamwambia mtoto azibe tundu la pili na apenge kwa nguvu. Ushanga ukaruka ukagonga ubao. Ndivyo alivyokuwa na mambo yote. Aliyeungua alitiwa mkono kwenye beseni la maji baridi na kuambiwa ahesabu magari yanayopita barabarani mpaka aambiwe basi, na mama akija kulalamika kwamba mtoto hakupakwa mafuta wala dawa ya meno, Rasoa alimjibu taratibu, "Mafuta ni ya kukaanga, Mama Fulani. Tunataka kumkaanga?" Na aliyejikata, Rasoa alimwosha, akambana kwa kitambaa safi, akamwinulia mkono juu, akakaa naye akimsimulia hadithi ya fisi. Hadithi ikiisha, damu nayo imekwisha. "Bana tu," aliniambia. "Jeraha dogo linataka kubanwa na linataka subira. Usilifanyie makuu."

Makuu ndiyo niliyoyataka. Mwanzoni mwa mwaka kanisa lilinipeleka mjini, siku mbili, katika chumba cha orofani karibu na River Road, kujifunza huduma ya kwanza. Mkufunzi alikuwa mwanamume aliyevaa soksi nyeupe zilizofika magotini, na hakujishughulisha na sindano wala gundi. Yeye alitufundisha habari ya mtu aliyekatwa mguu na mashine. Alimlaza mwenzetu mmoja mezani, akamfunga kamba juu ya goti, akaipitishia kijiti ndani na kuikaza, na akatuambia kwamba anayefunga hivyo lazima aandike saa kwenye paji la uso la mgonjwa, ili kila atakayemshika ajue amefungwa tangu lini, maana kiungo kikikosa damu muda mrefu hufa. Tulicheka sana jinsi yule mwenzetu alivyoandikwa saa nne na robo kwa penseli ya nyusi. Nikarudi Dagoretti na cheti, nikakitundika juu ya kitanda changu, na kuanzia siku hiyo Rasoa akisema "bana tu" nilikuwa natazama cheti changu.

Nyambura alikuwa binti wa mama mmoja aliyeuza matumbo sokoni. Alikuwa mtoto mkimya mwenye macho makubwa, na mikono yake ilikuwa na akili kuliko ya sisi sote. Alitumia mkono wa kushoto. Rasoa alimwachia. Mimi sikumwachia, kwa sababu nilifundishwa kwamba mkono wa kushoto ni wa mambo ya chooni, na nilijua akienda shule kubwa atachapwa, basi nikaona ni upendo kumzoeza mapema. Jumamosi ile Rasoa alikuwa ameenda River Road kununua rangi na karatasi, maana watoto walikuwa wanaandaa vitambaa vya maonyesho mjini. Tulikuwa tunachonga mihuri ya viazi. Unakata kiazi katikati, unachonga ua au nyota kwa wembe, unachovya kwenye rangi, unapiga kitambaani. Ndiyo, watoto wa miaka saba walishika nyembe. Wembe tuliuvunja vipande viwili na kuvizungushia karatasi upande wa kushikia, na wakati huo kila mtoto wa Nairobi alichonga penseli yake hivyo. Nilipita nyuma ya Nyambura nikaona wembe uko kushoto. "Mkono wa kulia, Nyambura," nikasema. Akauhamisha. Nikasimama hapo nikimwangalia mpaka nikahakikisha ametii, kisha nikageuka, na sijapiga hatua tano nikasikia watoto wakiniita.

Lilikuwa jeraha dogo. Nimeliona tena na tena kichwani kwa zaidi ya miaka hamsini na lilikuwa dogo, halizidi punje ya mchele, kwenye ncha ya kidole cha kuonyeshea cha mkono wa kushoto. Lakini ncha ya kidole hutoa damu kama mtu amekatwa shingo, na damu ilikuwa imeingia kwenye kiazi, kwenye rangi ya njano, kwenye kitambaa cha maonyesho, na watoto thelathini walikuwa wanapiga kelele. Nilimkalisha dirishani. Nilimwambia aangalie nje ahesabu mbuzi, asiangalie mkono. Juu ya meza palikuwa na blada, zile kanda za mpira wa tyubu ya baiskeli tulizofungia mabunda ya karatasi, nikachukua moja nyembamba nikaizungusha katikati ya kidole, mara nne, nikaikaza. Damu ikakoma papo hapo. Sijui kama nimewahi kujipenda tena kama nilivyojipenda dakika ile. Juu yake nikazungusha bandeji nyeupe, safi, kutoka ncha mpaka kifundo cha mkono, nikaifunga fundo la kupendeza, na blada ikawa ndani, haionekani. Nikamwambia, "Usikifungue. Mwambie mama asikifungue. Nitakifungua mimi mwenyewe Jumatatu. Na msichana jasiri halii, sawa?" Akasema, "Sawa, mwalimu." Akarudi kuchonga.

Rasoa aliporudi saa nane watoto walikuwa wameshaenda. Nilimwambia Nyambura amejikata kidogo na nimemfunga. Aliuliza, "Ulibana?" Nikamwambia ndiyo, nilibana. Blada sikuitaja. Ningesema niliisahau, na karibu ni kweli, lakini kuna kusahau na kuna kutotaka kukumbuka mbele ya mtu atakayekucheka kwa mabega. Tukala maharagwe, tukafua aproni zetu mbili za bluu, tukazianika pamoja.

Sasa nifike Jumapili, ambayo sikumwambia mtu yeyote, si Rasoa, si marehemu mume wangu, si mchungaji. Jumapili katikati ya mahubiri niliikumbuka blada. Haikuja polepole. Ilikuja yote mara moja, mizunguko minne, na ile saa iliyoandikwa kwenye paji la uso la mwenzetu mjini. Nyumbani kwa kina Nyambura palikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, kupita sokoni. Nikajiambia, mama yake atakuwa ameshafungua. Mama gani haangalii kidole cha mwanawe? Nikajiambia tena, kidole kikimuuma atalia, na akilia watafungua. Na nikifika pale nikaikata blada mbele ya watu, nitasema nini? Mwenye cheti! Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alitualika nyumbani kwake, na pale palikuwa na kuku, na chapati zilizopangwa juu kwa juu kwenye sinia, na maparachichi. Nilikula chapati tatu. Nakumbuka idadi kwa sababu mke wa mzee alinisifu. Kila nilipomeza nilijiambia ameshafungua, ameshafungua, na kufikia jioni nilikuwa nimejiaminisha.

Hakuwa amefungua. Mama Nyambura alimheshimu mwalimu kama wengi walivyotuheshimu siku hizo, yaani kupita kiasi. Mwalimu amesema kisifunguliwe mpaka Jumatatu, basi kingengoja Jumatatu. Aliingia ukumbini saa mbili asubuhi, mtoto mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea, akasema kwa adabu, "Habari za asubuhi, walimu. Mtoto ako na homa. Na hii mkono inanuka kidogo." Rasoa alimkalisha mtoto mezani akaikata bandeji kwa mkasi. Nilikuwa nimesimama na sufuria ya gundi. Kidole kilikuwa cheusi. Hakikuwa cha buluu wala cha zambarau, kilikuwa cheusi na kikavu kwenye ncha, na chini, pale blada ilipozama, nyama ilikuwa imevimba ikaifunika karibu yote. Mama yake hakupiga kelele. Alisema tu, "Hii ni nini? Mwalimu, hii ni nini?" Nyambura alikitazama kidole chake mwenyewe kana kwamba ni cha mtu mwingine. Rasoa akaniangalia mara moja, akaona uso wangu, na nadhani akajua yote. "Tabitha," akasema, "kimbia kwa mchungaji, mwambie tunataka gari. Kimbia."

Nilikimbia. Niliporudi ndani ya gari walikuwa tayari wamesimama mlangoni, na Rasoa alikuwa amemshika Mama Nyambura bega, anamwambia kitu kwa sauti ya chini, na mama yule anatikisa kichwa akilia. Sikusikia lililosemwa. Nikataka kupanda, Rasoa akanizuia. "Wewe kaa na watoto. Mimi ndio mkubwa hapa, mimi ndio nitaenda." Wakaenda hospitali kubwa mjini, nami nikabaki na chekechea, nikiwaimbisha nyimbo za kuku na vifaranga. Jioni Rasoa alirudi peke yake. Alikaa kitandani bila kuvua viatu. "Wamekikata," alisema. "Nusu. Daktari amesema mkono umesalimika." Nilianguka magotini nikamwambia ni blada, ni mimi, nilisahau. Alisema anajua. Nikamuuliza Mama Nyambura amesemaje juu yangu. Akainama kuvua viatu, akasema, "Nimeongea naye. Yamekwisha. Usimwendee, utamtonesha." Na mimi, kwa uroho wa kusamehewa, sikuuliza swali la pili.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi sikusikia la mkuu, na aliyekatwa ni mtoto wa watu. Wiki chache baadaye nilikutana na Mama Nyambura sokoni, nikataka ardhi inimeze, naye akanipa mkono na fungu la nduma akasema, "Wewe huna makosa, mwalimu. Usikonde." Nililia njia nzima nikimsifu Mungu kwa moyo wa mama yule. Mwisho wa mwaka kamati ya kanisa ikamwondoa Rasoa kwenye darasa la Jumamosi na kunipa mimi, na nilidhani, Mungu nihurumie, ni kwa sababu ya cheti. Yeye alibaki kufagia ukumbi na kuwapikia watoto uji. Alinionyesha tu mahali alipoficha mkasi mzuri. Nafasi yangu ya chuo ilipokuja, barua ya kamati ilinisifu kuwa mwangalifu. Nimefundisha miaka thelathini na saba kwa nguvu ya barua ile. Watoto wangu nimewasomesha kwayo. Na yote hayo niliyaelewa siku moja, kwenye benchi la nne, mtu akiwa ameshika kipaza sauti.

Baada ya ibada waombolezaji walipewa chai na mandazi nje kabla basi la Maragoli halijaondoka. Nyambura alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kikombe mkononi. Nilimwendea kabla woga haujanipa sababu nyingine. Nikamwambia mimi ni Tabitha, msaidizi wa Mwalimu Rasoa. "Woi, Mwalimu Tabitha!" akasema, akainuka kunikumbatia, na nikamwacha anikumbatie, hilo pia ni kosa langu. Kisha nikamwomba akae. Nikamwambia. Nilimwambia mkono wa kulia, nikamwambia blada na mizunguko minne, nikamwambia Rasoa siku ile alikuwa River Road.

"Mimi nakumbuka aproni tu," alisema. "Aproni ya bluu. Mama aliniambia ni Mwalimu Rasoa. Alisema yeye mwenyewe amekubali."

"Tulivaa bluu sote wawili. Na kuna jambo lingine," nikasema, nikamwambia Jumapili.

Akaweka kikombe chini kwenye nyasi. "Ulikumbuka?"

"Nilikumbuka."

"Saa ngapi?"

"Kabla ya chakula cha mchana."

"Na ukakula."

"Nikala." Miaka mingi nyuma daktari mmoja, nilipomuuliza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine, aliniambia kwamba saa hizo huenda kidole kilikuwa kimeshakufa tayari. Huenda. Sikumtajia Nyambura daktari huyo. Nililitumia neno hilo vya kutosha.

"Mimi Jumapili nilikuwa chini ya blanketi," alisema. "Nauma shuka ndio mama asisikie. Kuna mtu alikuwa ameniambia msichana jasiri halii."

Nikamwambia, "Nisamehe, Nyambura." Mzee mzima, machozi yananitiririka mbele ya watu wanaokula mandazi. Hakuudhika. Ingekuwa afadhali angeudhika. Aligeuka akalitazama jeneza likipakiwa, watu sita wakilisukuma ndani taratibu.

"Yule mama," alisema, "ilinichukua miaka kumi na nne kumsamehe. Miaka kumi na nne, mwalimu. Kuna siku alikuwa anakuja kunifundisha kuandika na mimi namtemea mate. Anapanguza, anasema tuendelee na herufi ya pili." Akanigeukia. "Na hakuwa amenifanyia kitu. Sasa wewe unataka nikusamehe kabla basi itoke?"

Dereva alipiga honi. Nyambura akachukua mkoba wake akaenda kupanda, nami nikapanda nyuma yake, bila sweta, bila mswaki, bila kumwambia mtu nyumbani. Alikaa dirishani akauweka mkoba kwenye kiti cha pembeni yake, na aliponiona nimesimama pale hakuutoa. Nikakaa kiti cha nyuma yake mpaka Maragoli.